Kokteli Nyepesi ya Asali, Tangawizi na Ndimu: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza Nyumbani

Anayetaka kokteli nyepesi kwa kawaida huanza kwa kuondoa sukari nyeupe na kuweka asali. Kwa ladha amefanya vizuri, lakini kwa wepesi bado hajafanya lolote. Asali nayo ni sukari: takriban asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kilichobaki karibu chote ni maji. Kijiko cha chai cha asali (mililita 5) kina uzito wa gramu 7 hivi na kalori 21. Kijiko hichohicho cha sukari kina gramu 4 na kalori 16. Ukitoa kijiko cha sukari ukaweka kijiko cha asali, umeongeza.

Mzigo mkubwa zaidi umo kwenye pombe yenyewe. Gramu moja ya pombe halisi ina kalori 7, na gramu moja ya sukari ina kalori 4. Mililita 60 za jini au ramu yenye nguvu ya asilimia 40 zina gramu 19 za pombe, sawa na kalori 130 hivi, kabla hujatia kitu kingine. Ongeza ml 30 za shira ya sukari, hizo ni kalori 70. Jazia ml 120 za soda tamu, hizo ni 50 nyingine. Glasi moja imeshafika kalori 250.

Kokteli ninayoieleza hapa ina kalori 105 hivi na nusu ya pombe ile. Naipenda kwa sababu haionji kama kinywaji kilichopunguzwa. Pombe inakuwa nusu, utamu unakuwa mdogo lakini wenye harufu yake, na nafasi inayobaki inajazwa na vitu visivyo na uzito: ukali wa ndimu, moto wa tangawizi, nanaa, chembe za chumvi, baridi kali na gesi. Hivyo vyote vina kazi, na ukiruka kimoja utakiona kikikosekana mdomoni.

Kuchagua utamu

Asali ndiyo chaguo langu la kwanza, na sababu ni harufu. Sukari nyeupe huleta utamu tu. Asali huleta utamu pamoja na maua, nta kidogo, wakati mwingine ukali wa mbali, na hayo yote huupa ulimi kitu cha kushika hata kipimo kikiwa kidogo. Pia fruktosi iliyomo, ikilinganishwa na sukari nyeupe, husikika vizuri zaidi kinywaji kikiwa baridi kuliko kikiwa moto, jambo linalofaa kabisa kwa kitu kinachonywewa na barafu. Kokteli ya Bee's Knees, ya jini, limau na asali, inahusishwa na miaka ya 1920, kwa hiyo kuweka asali kwenye pombe kali si mtindo wa jana. Tumia asali ya rangi nyepesi na harufu ya maua kwa pombe nyeupe kama jini na vodka. Asali nyeusi yenye harufu nzito ifungie ramu ya kahawia na wiski. Kwenye jini hufunika kila kitu.

Shira ya agave ni tamu kuliko sukari ya kawaida kwa sababu ina fruktosi nyingi zaidi, na kijiko chake cha chai kina kalori sawa na cha asali. Faida yake ni mbili: huyeyuka kwenye kinywaji baridi bila taabu, na ladha yake haiingilii mambo ya wengine. Ukiwa na tekila, ndiyo ichague, kwani tekila yenyewe hutoka kwenye mmea wa agave. Julio Bermejo wa San Francisco alijenga juu ya wazo hilo kokteli iitwayo Tommy's Margarita: aliiondoa likya ya chungwa (pombe iliyotiwa sukari na ladha ya chungwa) kwenye margarita akaweka shira ya agave, na tekila ikaanza kusikika.

Tende hutoa utamu mzito wenye ladha ya karameli. Loweka gramu 100 za tende laini zilizotolewa kokwa kwenye ml 200 za maji ya moto kwa nusu saa, saga kwenye blenda, kisha kamua kwa kitambaa safi. Utapata shira yenye ukungu, haitaacha kinywaji king'ae, lakini kwa wiski na ramu ya kahawia inapendeza sana. Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku nne au tano.

Tunda bichi lililoiva nalo ni utamu. Gramu 100 za tikiti maji zina kalori 30 tu, na zinatoa karibu nusu glasi ya maji matamu. Ukiponda tikiti kwenye kokteli yako unaweza kukata asali nusu.

Kuhusu stevia, nina neno la ziada. Hutoka kwenye majani ya mmea, haina kalori, na viambato vyake vya utamu vilivyosafishwa ni vitamu kuliko sukari kwa mara 200 hadi 300. Tatizo ni la ladha kwanza: huacha uchungu mwishoni, na kwa kuwa haina uzito wowote, kinywaji kinakuwa chepesi kama maji. La pili ni kwamba mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutotegemea vitamu visivyo vya sukari, stevia ikiwemo, kama njia ya kudhibiti uzito wa mwili. Ukipenda kuitumia, usiiache peke yake. Weka nusu ya kipimo cha asali kwa ajili ya mwili wa kinywaji, kisha tone moja la stevia, onja, na uongeze tone jingine ikibidi. Nguvu ya matone hutofautiana sana kati ya chupa na chupa.

Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu asali, shira na maji ya matunda kuwa sukari huru sawa na sukari ya mezani, na linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Glasi yetu ina gramu 9. Neno "asili" kwenye lebo halibadilishi hesabu hiyo.

Pombe

Jini, vodka, ramu nyeupe, wiski na tekila zenye asilimia 40 zina kalori karibu sawa kabisa, kwa sababu kinacholeta kalori humo ni pombe tu. Imani kwamba vodka ni nyepesi kuliko wiski haina msingi. Chagua kwa ladha. Mimi huchukua jini kwa kokteli hii, maana mimea iliyotiwa ndani yake hupatana na tango na nanaa, na kwa kipimo kidogo bado inasikika. Vodka kwa ml 30 hupotea, unabaki na limonadi.

Likya ni jambo tofauti. Katika Umoja wa Ulaya, likya kwa kawaida sharti iwe na angalau gramu 100 za sukari kwa lita, na nyingi huvuka hapo mbali. Kuiweka likya kwenye kokteli nyepesi ni kuongeza pombe na sukari kwa mkono mmoja, kwa hiyo hapa haimo.

Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na kiwango cha nguvu kilichoandikwa. Pombe kali isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na huwezi kuitambua kwa kuonja wala kunusa.

Vifaa

Unahitaji kikombe cha kipimo chenye alama za mililita, kopo la kutikisia au chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kinachobana, chujio dogo, kijiko kirefu, na glasi ndefu ya ml 300 hadi 350. Mwiko mdogo wa mbao unatosha kupondea. Kitu ambacho sikubali kiachwe ni kipimo. Mkono ukimimina kwa kukadiria, ml 30 huwa 45 bila wewe kujua, na hapo umeongeza kalori 33 na nusu ya pombe uliyokusudia.

Shira ya asali na tangawizi

Asali haiyeyuki kwenye baridi. Ukiimimina moja kwa moja kwenye kopo lenye barafu, inaganda na kushikamana na vipande, nawe unakunywa ndimu kali kisha unakuta utamu wote chini ya glasi. Ndiyo sababu tunaigeuza kuwa shira kwanza.

Chukua gramu 25 za tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba hivi. Ioshe vizuri; ngozi si lazima kuitoa ikiwa ni changa. Ikwaruze kwenye kikwaruzio chenye matundu madogo. Weka kwenye bakuli, mimina ml 120 za maji yaliyochemka, funika na sahani na uache dakika 15. Kufunika ni muhimu, kwa sababu mvuke unaopaa ndio unaobeba harufu. Kisha chuja, ukiikandamiza tangawizi kwa mgongo wa kijiko mpaka itoe yote. Pima ml 100 za maji hayo. Yakipungua, jazia kwa maji ya kawaida.

Sasa subiri. Maji yapoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua, ndipo uongeze ml 100 za asali na kukoroga mpaka mchanganyiko uwe mmoja. Ukiwa na mizani, pima gramu 140 za asali moja kwa moja kwenye bakuli, utaokoa kikombe cha kuosha. Asali hatuichemshi hata kidogo: joto kali hufukuza zile harufu za maua tulizoichagulia. Tangawizi ndiyo inayotaka moto, asali inataka vuguvugu, na kuzitenganisha hatua hizi mbili ndiko kunakofanya shira hii iwe na ukali na harufu kwa pamoja.

Itie kwenye chupa safi yenye kifuniko, iweke kwenye friji. Itakaa wiki moja. Asali tupu haiharibiki kwa kuwa haina maji ya kutosha vijidudu kuishi, lakini ukishaitia maji ulinzi huo umekwisha, hivyo ikianza kutoa povu au harufu ya kuchacha, imwage. Kiasi hiki kinatosha glasi 12 au 13.

Vipimo vya glasi moja

- Jini, ml 30
- Maji ya ndimu yaliyokamuliwa sasa hivi, ml 20
- Shira ya asali na tangawizi, ml 15
- Tango, vipande 3 vyembamba, na kimoja kirefu cha kupambia
- Nanaa, majani 6 na kichomozo kimoja cha juu
- Chumvi, chembechembe tu, kiasi kinachoshikwa kwa ncha za vidole viwili
- Maji ya gesi yasiyo na sukari, baridi sana, ml 120
- Barafu, nyingi

Soma lebo ya maji ya gesi kabla ya kununua. Toniki huonekana kama maji na ina uchungu, kwa hiyo wengi hudhani haina kitu, kumbe toniki ya kawaida inaweza kuwa na gramu 8 au zaidi za sukari kwa kila ml 100. Ukiweka ml 120 za toniki, sukari ya glasi yako imekuwa zaidi ya mara mbili.

Ndimu isiyoiva vizuri hutoa maji machache na machungu. Chagua yenye ngozi laini na nzito mkononi, iviringishe juu ya meza kwa kiganja kabla ya kuikata. Ndimu moja ya wastani hutoa ml 25 hadi 30. Ya chupa usiitumie hapa. Kinywaji chenye vitu vichache hakina pa kuificha.

Kutengeneza, hatua kwa hatua

Weka glasi kwenye friji kwanza, na maji ya gesi yawe yamelala humo tangu asubuhi. Gesi hukaa kwenye maji baridi na hukimbia maji ya uvuguvugu, kwa hiyo chupa iliyokuwa nje hupoteza povu lake mara tu inapogusa barafu.

Ponda tango ndani ya kopo la kutikisia kwa mwiko, mara tano au sita, mpaka vipande vitoe maji. Tango unaweza kuliponda kwa nguvu. Nanaa usiiponde. Weka majani 6 kwenye kiganja, yapige kwa kiganja kingine mara moja, harufu itapanda papo hapo, kisha yatupie ndani ya kopo. Mafuta ya nanaa yako kwenye uso wa jani. Ukilisaga jani lenyewe unatoa rangi ya kijani na uchungu wa majani ambao hakuna asali itakayoufunika.

Mimina ndimu, shira, chumvi, na mwisho pombe. Mpangilio huu una maana: ukikosea kipimo cha ndimu au shira, unamwaga vya bei ndogo na kuanza upya.

Jaza kopo barafu hadi theluthi mbili. Barafu iwe imetoka kwenye friji ya kugandishia sasa hivi, kavu, na vipande vikubwa kadiri unavyoweza kupata. Ile iliyokaa kwenye bakuli na kuanza kung'aa kwa maji huongeza maji mengi kabla ya kupoza. Funga vizuri na utikise kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Utajua imetosha pale kopo linapofunga ukungu nje na kuuma mikono kwa baridi. Katika muda huo barafu imeongeza takriban ml 15 za maji, na maji hayo ni sehemu ya kinywaji. Maji ya gesi hayaingii kamwe kwenye kopo la kutikisia. Shinikizo lake litarusha kifuniko.

Hapa onja, kwa ncha ya kijiko. Kokteli huonjwa ikishakuwa baridi, kwa sababu baridi hupunguza utamu tunaousikia. Kilichokuwa kitamu sawasawa kabla ya barafu kitakuwa kikali baada yake, na anayesahihisha mapema husahihisha kitu ambacho hatakunywa. Wakati huu kinywaji kiwe kikali na kizito kidogo kuliko unavyopenda, maana gesi bado haijaingia.

Toa glasi kwenye friji, jaza barafu mpya mpaka juu. Usitumie iliyobaki kwenye kopo, imeshavunjika na itayeyuka upesi. Barafu nyingi huyeyuka polepole kuliko barafu kidogo, kwa hiyo anayepunguza barafu ili kinywaji kisiwe maji anajipatia maji haraka zaidi. Chuja kokteli juu yake kupitia chujio dogo, ili vipande vya nanaa na tango vibaki nyuma.

Inamisha glasi kidogo, mimina maji ya gesi taratibu kwenye ukuta wake. Kisha ingiza kijiko kirefu hadi chini, inua mara moja juu, basi. Kukoroga zaidi kunatoa gesi uliyoilinda muda wote.

Kata ganda la ndimu la upana wa kidole, bila nyama nyeupe, likunje juu ya glasi upande wa rangi ukitazama kinywaji. Mafuta yake yatanyunyizika juu. Weka kipande kirefu cha tango pembeni na kichomozo cha nanaa karibu na mrija, na mrija uwe mfupi. Pua ikiwa juu ya nanaa kila unapokunywa, ubongo unasikia ubichi na utamu hata pale ulimi unapopata kidogo. Huu ni nusu ya siri ya kokteli isiyo na sukari nyingi, na ndiyo maana pambo hapa silihesabu kuwa urembo.

Glasi hii ina nguvu ya asilimia 6 hivi, inakaribia bia, na kalori zake ni hizi: pombe 66, asali 32, ndimu 5, tango karibu hakuna.

Ikionja vibaya

Ikiwa kali mno, ongeza ml 5 za shira. Usitie asali tupu, itazama. Ikiwa tamu mno, dawa ni ml 5 za ndimu. Maji ya gesi yataifanya kubwa, lakini uwiano utabaki uleule.

Ikiwa imepooza, yaani si kali wala tamu ila haina uhai, chumvi ndiyo inayokosekana. Chumvi kidogo hunyamazisha uchungu na kuachia utamu na harufu zitoke mbele. Ikisikika kama chumvi, umezidisha. Anayetaka usahihi ayeyushe gramu 20 za chumvi kwenye ml 80 za maji, ahifadhi kwenye chupa ya kudondoshea, na atie matone 2 au 3 kwa glasi.

Uchungu una vyanzo vitatu tu hapa: nanaa iliyosagwa, ndimu iliyokamuliwa mpaka ngozi nyeupe, au maji ya ndimu yaliyolala tangu jana.

Wepesi wa kalori na wepesi wa kichwa

Kinywaji kisicho na sukari hutoka tumboni haraka kuliko chenye sukari, hivyo pombe yake hufika kwenye damu upesi zaidi. Unaweza kunywa kitu chenye kalori chache na ukalewa mapema kuliko ulivyozoea. Kula kwanza, kunywa taratibu, weka glasi ya maji kati ya glasi na glasi. Mbili za kokteli hii zina pombe sawa na moja ya ile nzito, na ukinywa nne kwa kuwa "ni nyepesi", umezidi ulipoanzia.

Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Nayachukulia maneno hayo kwa uzito, na ndiyo sababu toleo lisilo na pombe hapa chini nimelifanyia kazi kama kinywaji kamili. Mjamzito, anayeendesha gari, na anayetumia dawa zisizopatana na pombe waandaliwe hilo bila kuulizwa maswali.

Kubadilisha

Kwa ramu nyeupe, toa tango, ongeza nanaa iwe majani 10. Kwa tekila, weka shira ya agave iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji mahali pa asali, na chumvi kidogo zaidi. Kwa wiski, tumia limau badala ya ndimu, asali nyeusi, na usiweke tango wala nanaa. Ganda la limau linatosha.

Vemuthi kavu ni njia nzuri kwa anayependa ladha iliyojaa. Ni divai iliyotiwa mimea na kuongezwa nguvu kidogo, na ml 60 zenye asilimia 18 zina pombe pungufu kidogo kuliko ml 30 za jini. Kalori hazitashuka, ila kinywaji kinakuwa na mwili zaidi. Punguza shira iwe ml 10. Chupa ikishafunguliwa hukaa kwenye friji kama divai yoyote.

Bila pombe: tengeneza chai ya kijani kali, vijiko 2 vya majani kwa ml 150 za maji ya moto, dakika 5, kisha ipoze. Weka ml 45 mahali pa jini. Uchachu wake unaokausha ulimi hufanya kazi ambayo pombe ingeifanya, ya kuzuia kinywaji kisiwe juisi. Glasi inashuka hadi kalori 40 hivi. Kumbuka tu kwamba asali, hata iliyoyeyushwa, haipewi mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa hatari unaoletwa na sumu ya bakteria.

Kwa wageni wanane

Kutikisa glasi nane moja moja kutakutoa sebuleni jioni nzima. Tumia jagi. Changanya ml 240 za jini, ml 160 za ndimu (kamua sita au saba), ml 120 za shira, chumvi kama robo ya kijiko cha chai, na ml 120 za maji baridi ya kunywa. Maji haya ni yale ambayo barafu ingeyaongeza wakati wa kutikisa. Wengi huyasahau, na jagi lao linakuwa kali na zito. Tia vipande vya tango moja zima, funika, lilaze kwenye friji saa mbili. Nanaa isiingie ndani ya jagi, itakuwa nyeusi.

Wageni wakifika, kila glasi yenye barafu ipewe ml 80 kutoka kwenye jagi na ml 120 za maji ya gesi kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa wakati huohuo, kisha nanaa. Asiyekunywa pombe apewe kutoka kwenye jagi la pili lenye chai ya kijani, ml 360 mahali pa ml 240 za jini, nawe umpimie ml 95 kwa glasi. Majagi yawekewe alama, kwa sababu kwa macho hayatofautiani sana. Kinachobaki kikae kwenye friji hadi kesho yake tu. Baada ya hapo ndimu imegeuka, na hata shira mpya haitairudisha.